Nakariri mpaka usiku wa manane, mbona bado naanguka?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 16 na bado nasoma. Nakuandikia kwa sababu nimechoka, na nyumbani sina wa kumweleza bila kuambiwa kwamba mimi ni mvivu. Si mvivu, Shangazi. Nina madaftari matano ya fasihi, sarufi na historia, yote nimeyajaza kwa mkono wangu, na mengi ya yaliyomo nayajua kwa ghibu. Usiku wa kuamkia mtihani nazunguka chumbani nikijisomea kwa sauti: dhamira, maudhui, fani, wahusika, mandhari, A-WA, KI-VI, LI-YA, Zama za Mawe za Kale, za Kati, za Mwisho. Mdogo wangu wa kike ameshayashika yote kwa kunisikia tu.

Matokeo ya muhula huu ni haya: fasihi 34, historia 40, sarufi 51.

Kilichoniuma kuliko alama ni yale maandishi mekundu. Kwenye fasihi tuliulizwa mwandishi anaonyeshaje woga wa mhusika mkuu. Nilijaza kurasa tatu, nikaieleza hadithi nzima toka mwanzo hadi mwisho, sikusahau hata jina moja. Mwalimu akaandika: "Umesimulia. Swali hukulijibu." Kwenye historia niliandika kwamba fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lina umri wa miaka milioni 1.75 na kwamba lilipimwa kwa kaboni 14. Mwalimu aliipigia kaboni 14 mistari mitatu, pembeni akaandika neno moja: "Umejuaje?" Kwenye sarufi niliandika "kiboko kimelala mtoni", nikakatwa. Lakini kiboko si ni KI-VI? Kiboko, viboko. Ndivyo jedwali linavyosema, na jedwali nililishika neno kwa neno.

Muhula ujao ukiisha tutachagua masomo ya kuendelea nayo. Kaka yangu anasema niachane na haya yote kwa kuwa hayana ajira, na kwamba mtu aliyekufa miaka milioni iliyopita hatakuja kunilipa mshahara. Babu naye hapendi nisome habari za binadamu wa kale, anasema zinapotosha imani. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilizipenda habari hizi kabla sijaanza kuzifanyia mtihani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasoma vitabu vya hadithi mpaka nazimiwa taa.

Niyaache? Na nisipoyaacha, nisomeje?

Ni mimi niliyechoka kukariri.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye lile neno moja la mwalimu wako wa historia. Umejuaje? Wewe umelipokea kama kofi. Mimi nilifundisha fasihi na historia miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na nakuambia neno hilo lina thamani kuliko madaftari yako yote matano. Pungufu la mwalimu ni kwamba hakukaa nawe akakueleza. Basi ngoja nikae nawe mimi, tuanze na hilo hilo fuvu.

Kaboni 14 imo katika kila kiumbe hai. Kiumbe kikifa, kaboni hiyo huanza kupungua, na kila ipitapo miaka 5,730 hubaki nusu ya ile iliyokuwapo. Piga hesabu mwenyewe: nusu, robo, nusu ya robo, uendelee hivyo. Ukifika miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno hata hakipimiki kwa uhakika. Sasa fuvu lako lina miaka milioni 1.75. Kulipima kwa kaboni 14 ni kama kwenda kupima kina cha bahari kwa rula ya shuleni.

Kilichopimwa hakikuwa hata fuvu lenyewe. Yalikuwa majivu ya volkano yaliyolala katika matabaka yale yale ya ardhi. Ndani ya mawe ya volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ukipoa na kuganda, gesi yote inayozaliwa baada ya hapo hunaswa humo humo. Kwa hiyo siku mwamba unapoganda ni kama siku saa inapoanza kuhesabu, na anayeweza kupima argoni anaweza kuisoma saa hiyo. Mary Leakey aliliona fuvu lile katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Majivu yake yalipimwa na umri ukatangazwa mwaka 1961. Ile 1.75 uliyoikariri ilitoka huko.

Sasa tazama ulichokifanya kwenye mtihani. Umri ulikuwa sahihi, jina lilikuwa sahihi, na bado ukakosa alama, kwa sababu ulizishika namba bila kushika njia zilikopitia. Mwalimu aliona kwamba mtu aliyeelewa kaboni 14 hata kidogo asingeweza kuiandika sentensi ile.

Nikae kidogo na Zinjanthropus, maana ana mengi ya kukufundisha. Hilo Zinj ni jina la kale la Kiarabu la pwani ya Afrika Mashariki, ndilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. Siku hizi wanasayansi wengi humwita Paranthropus boisei. Alipopatikana, zana za mawe zilikutwa karibu naye, na ikaonekana ni jambo la wazi kwamba yeye ndiye aliyezitengeneza. Kuanzia mwaka 1960 yakapatikana, katika bonde hilo hilo, mabaki ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 kiumbe huyo akapewa jina Homo habilis, yaani mtu stadi wa mikono, na sifa ya utengenezaji wa zana ikahamishiwa kwake. Zinj akapokwa ufundi wake. Kisha yakaja meno. Ana magego makubwa ajabu, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba aliyatumia kuvunjia kokwa ngumu. Mwaka 2011 kemia ya meno ya spishi yake ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa nyasi na mimea ya jinsi hiyo.

Mifupa ni ile ile. Kila mara watu walirudi kuiuliza upya: umejuaje kwamba alitengeneza zana? Ni kwa kuwa zilikuwa karibu naye tu? Umejuaje alikula kokwa? Ni kwa kuyatazama meno ukubwa? Mwanafunzi anayekariri huipokea historia kama orodha iliyofungwa. Ningetamani uione kama kesi iliyo mahakamani, mashahidi bado wanaitwa.

Na usidhani kwamba wasomi hawadanganyiki. Mwaka 1912 huko Uingereza lilitangazwa fuvu la Piltdown, likasifiwa kuwa la binadamu wa kale mno. Kumbe lilikuwa fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutani, meno yamepigwa tupa, mifupa imetiwa rangi ionekane ya zamani. Udanganyifu ulithibitishwa mwaka 1953. Ilichukua miaka 41! Kwa nini watu wenye elimu walikubali? Sababu moja ni kwamba fuvu lile liliwaambia walichotaka kusikia: kwamba ubongo mkubwa ulitangulia, na mengine yote yakafuata nyuma yake. Wakati huo huo fuvu la kweli la mtoto, lililopatikana Taung, Afrika Kusini, mwaka 1924, lilikuwa linasema kinyume. Ubongo wake mdogo, lakini tundu la uti wa mgongo liko chini ya fuvu, dalili ya kiumbe anayekwenda wima. Wasomi wengi walilikataa kwa miaka mingi.

Kisha zikaja nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Hizi nakuomba uzisome taratibu. Majivu ya volkano yalianguka, yakalowa maji ya mvua, viumbe wakapita juu yake, yakaganda kama saruji, na majivu mengine yakayafunika kwa miaka kama milioni 3.6. Mwaka 1978 zikafukuliwa: nyayo 70 hivi, katika mwendo wa mita 27 hivi. Kisigino ndicho kilichokanyaga kwanza. Kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na wenzake, hakikutanuka kando kama cha sokwe. Hakuna alama za mikono chini. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, zile za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Basi tunaweza kusema walitembea wima kabla ya zana hizo, na kabla ya ubongo mkubwa kwa umbali mrefu zaidi.

Lakini je, waliopita pale walikuwa mama na mwana? Walishikana mikono? Picha nyingi huwachora hivyo, na moyo unapenda iwe hivyo, wangu mmojawapo. Nyayo hazisemi. Nyayo zinasema walikuwa zaidi ya mmoja, wengine wakubwa, mwingine mdogo, na kwamba mmoja alikanyaga ndani ya alama za mwenziwe. Ukiandika jibu la mtihani linalotenganisha nyayo zinachosema na kile tunachotamani ziseme, mwalimu wako ataweka kalamu chini aisome tena.

Tuje kwenye kiboko, maana najua hilo bado linakuchoma.

Jedwali lako halikudanganya, lilikuambia nusu ya habari. Kiboko na viboko, kwa umbo lake, ni KI-VI kweli. Lakini nomino inayotaja kiumbe hai, mtu au mnyama, huvuta upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake linatoka kwingine. Ndiyo maana tunasema kipofu amefika, vijana wameondoka, madaktari wamekutana. Hatusemi kipofu kimefika. Na kiboko ni mfano mzuri kuliko yote kwa sababu neno hilo lina maana ya pili, ule mjeledi. "Kiboko amelala mlangoni" ni habari ya kukimbia. "Kiboko kimelala mlangoni" ni mjeledi ulioachwa hapo chini. Sauti moja tu ya kiambishi ndiyo inayokuambia kama mlangoni pana mnyama au fimbo. Wewe uliulaza mjeledi mtoni.

Kwa hiyo sarufi nayo inauliza swali lile lile. Umejuaje neno hili liko ngeli ipi? Mtu anayekariri hujibu kwamba ameliona kwenye jedwali. Mtu anayesoma huweka neno katika sentensi, akatazama linavuta nini. Jedwali liliandikwa na watu waliosikiliza wasemaji. Wasemaji walikuwapo kabla ya jedwali.

Chukua neno kitabu. Limetoka Kiarabu, kitāb, na huko sauti ki si kiambishi hata kidogo. Ni sehemu ya neno lenyewe, na wingi wake ni kutub. Lilipoingia kwetu, wasemaji walisikia ki mwanzoni, wakalitendea kama kiti na kisu, wakasema vitabu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Ndani ya neno unalolishika kila siku mna alama ya mkutano wa lugha mbili, kama unyayo ndani ya majivu.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Sema: anayekuja, aliyekuja, atakayekuja. Katika la kwanza unaona na, la pili li. Katika la tatu ungetarajia ta, kwa maana tunasema atakuja. Lakini ulimi unasema taka: a-taka-ye-kuja. Ile ta ya wakati ujao ni kitenzi taka kilichofupishwa kwa kutumika sana, na kirejeshi kimelihifadhi umbo la zamani lisipotee. Umekuwa ukilisema tangu ukiwa mtoto bila kuambiwa. Kisukuku hicho hakihitaji jembe, kiko mdomoni mwako.

Kuna hata historia pana ambayo imeandikwa kwa viambishi. Sisi twasema mtu, watu. Kizulu ni umuntu, abantu. Kiganda ni omuntu, abantu. Kishona ni munhu, vanhu. Lugha za Kibantu zimeenea nusu ya kusini ya bara zima, na wataalamu wanakadiria kwamba chimbuko lake ni karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni, miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Waliohama hawakuacha maandishi. Vyungu na zana zimesaidia, lakini ushahidi wa kwanza wa kwamba watu hawa ni wa ukoo mmoja wa lugha ni maneno na ngeli zake. Kwa hiyo ukifungua daftari la sarufi, hujafunga la historia.

Sasa fasihi, ambako uliumia zaidi.

Umeniambia uliulizwa mwandishi anaonyeshaje woga, nawe ukaeleza yaliyotokea. Mwanangu, yaliyotokea mwalimu anayajua, kitabu anacho. Alitaka umwonyeshe ni kitu gani kwenye ukurasa kilichokufanya wewe uhisi woga ule. Ni swali la umejuaje kwa mara ya tatu. Nimekutungia vijisentensi hivi tujaribu pamoja:

"Mlango ulifungwa. Chakula kikatolewa mezani. Taa zikazimwa. Hakuna aliyeulizwa kama ameshiba."

Wanafunzi wengi niliowafundisha wangeandika kwamba mwandishi ametumia lugha nyepesi na sentensi fupi. Ni kweli, lakini haijafika popote. Rudi kwenye vitenzi: ulifungwa, kikatolewa, zikazimwa, aliyeulizwa. Vyote vinne viko katika kauli ya kutendwa. Mlango umefungwa na nani? Hatuambiwi. Katika nyumba hii kuna mtu anayefanya kila kitu na hatajwi jina, na huko kutotajwa ndiko kunakotisha, maana watu hawathubutu kumtaja hata ndani ya simulizi. Kisha tazama ka katika kikatolewa na zikazimwa. Inavuta tendo moja nyuma ya jingine bila kupumua, kwa hiyo hakuna nafasi ya mtu kusema ngoja. Sentensi ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo pekee inayowagusa waliokaa mezani. Nayo inawagusa kwa kusema kwamba hawakuulizwa.

Sasa ibadilishe: "Baba alifunga mlango, akatoa chakula mezani, akazima taa." Habari ni ile ile. Woga umekwenda wapi? Ukiweza kueleza kwa nini umeondoka, umejibu swali la mtihani, na umelijibu kwa kutumia ile kauli ya kutendwa uliyoikariri kwenye sarufi bila kujua ina kazi gani.

Mfano mwingine mfupi. "Mama yake alikufa" ni taarifa. "Alifiwa na mama" inahamisha macho yetu kutoka kwa marehemu hadi kwa aliyebaki. "Mama alimfia mikononi" inaongeza kwamba kifo kile kilimwangukia yeye. Mzizi ni mmoja, f, na viambishi vilivyoufuata vimebeba msiba kwa namna tatu. Mwandishi mzuri amechagua mojawapo, na kazi yako ni kuona chaguo lake. Hata kile kiboko chetu kinaingia humu. Katika ngano, jiwe likipewa roho, msimulizi anaweza kuliacha li na kusema "Jiwe akamjibu." Kwa kubadilisha upatanisho peke yake, jiwe limekuwa mtu. Waalimu huita hiyo tashihisi. Wewe ukiieleza kwa njia ya upatanisho, hutahitaji kukariri maana ya tashihisi tena.

Umeuliza usomeje. Sitaki utupe madaftari. Istilahi lazima uzijue, miaka lazima uishike, na kukariri si aibu. Tatizo ni kuishia hapo. Chukua daftari la sita, kila ukurasa upige mstari katikati. Kushoto andika jambo moja uliloambiwa darasani. Kulia andika umejuaje. Kwa mfano, kushoto: Homo sapiens ni wa kale kuliko ilivyodhaniwa zamani. Kulia: mabaki ya Jebel Irhoud, Moroko, yaliyotangazwa mwaka 2017 kuwa na umri wa miaka 300,000 hivi, yakapimwa kwa mawe ya gumegume yaliyoungua motoni. Pale ambapo upande wa kulia unabaki mtupu, hapo ndipo pa kumfuata mwalimu na swali. Mwalimu akiulizwa swali la namna hiyo hufurahi, hata kama uso wake hauonyeshi. Kurasa mbili kwa siku zatosha. Na hiyo kuzunguka chumbani usiku wa manane uiache, kichwa kilichokosa usingizi hakiulizi kitu, kinarudia tu.

Kuhusu kaka yako: ana haki ya kufikiria riziki yako, na usimjibu kwa hasira. Lakini mtu anayeweza kusoma maandishi ya kurasa kumi akasema hapa pana ushahidi, hapa pana dai tupu, ana kazi katika sheria, katika uandishi wa habari, katika tafsiri, katika ualimu, katika makumbusho, na hata katika maabara. Walioisoma ile saa ya argoni walikuwa wanasayansi wa miamba. Mlango kati ya masomo haya na ya sayansi haujafungwa.

Kuhusu babu nitasema kwa heshima. Usiyafanye masomo yako kuwa silaha ya kumshinda mzee. Kuna waumini wengi wanaochimba mifupa hii na bado wanasali, na kuna wengine ambao jambo hili linawapa taabu ya kweli. Babu yako si mjinga kwa kuwa miongoni mwao. Mtihani unakuuliza mabaki yanaonyesha nini, na hilo unaweza kulijibu kwa uaminifu. Yale mengine kaa naye, msikilize mpaka amalize, umweleze ulichokiona kwenye nyayo. Huenda mkabaki mmetofautiana. Kutofautiana na babu unayempenda kunavumilika.

Na lile la kuyaacha: usiamue leo, na usiamue kwa alama za muhula huu, kwa sababu alama hizi zimepima kukariri kwako. Kusoma kwako bado hakujapimwa. Una muhula mzima. Wiki hii tafuta lile swali la woga, uliandike upya kwa ukurasa mmoja tu. Usisimulie chochote. Chagua mistari mitatu ya kitabu, chini ya kila mmoja eleza ni neno gani au kiambishi gani kinachotisha na kwa nini. Mpelekee mwalimu, umwombe akusomee hata kama hatatoa alama. Ukifika mwisho wa muhula na bado unaona unajiburuza, chagua mengine kwa moyo mweupe, hutakuwa umeshindwa. Ila kwa mtoto aliyekuwa akisoma mpaka anazimiwa taa, nina matumaini mengine.

Na huyo mdogo wako aliyeshika ngeli zote kwa kukusikia, leo usiku usimpigie kelele za A-WA na KI-VI. Msomee zile sentensi nne za mlango, umuulize nani aliyezima taa.

Shangazi